Mto chini ya goti

Mkutano wa idara yetu ya mazoezi ya viungo hospitalini umepita, zamu za sikukuu nimebebeshwa mimi tena. Lakini kinachonizunguka kichwani ni maneno ya bibi mgonjwa niliyemhudumia siku ya Jumanne.

"Shikamoo bibi. Goti vipi?"

"Marahaba mwanangu. Usiku binti yangu ananiwekea mto chini ya goti, basi nalala raha."

Wiki ya 3 tangu awekewe goti la bandia. Kidonda kimefunga, sukari yake imetulia, na miaka 71 si ya kutisha. Wa 80 huinuka vizuri wakiwa waliingia chumba cha upasuaji na mapaja yenye nguvu. Goti linakunja digrii 85, si haba. Ila kunyooka kumebakiza digrii 15, na mto ule huliacha goti limekunja usiku kucha. Kukunja huongezeka taratibu kwa miezi. Kunyooka ukikuzembea wiki hizi za mwanzo, nyama za nyuma ya goti hufupika na kovu hukaza, halafu mtu anachechemea na paja linachoka kwa kusimama tu.

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo: "Nani kakwambia uweke mto hapo?"

"Mbona hakuna aliyenikataza."

Hakuna aliyenikataza. Nimekwenda nayo kwenye daladala, nikarudi nayo. Kwanza nilimlaumu binti. Jana nikaisoma upya ile karatasi tunayowapa wakiruhusiwa: "Nyanyua mguu juu ya mto kupunguza uvimbe." Basi. Binti katii.

Nimeifuta kwa kalamu, nikaandika: taulo lililokunjwa liwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Ukiwa hivyo, kandamiza goti kuelekea kitandani, hesabu hadi 5, achia, mara 10. Dawa ya maumivu imezwe nusu saa kabla, maana anayeumwa hudanganya zoezi. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, asisubiri kliniki, aje siku hiyohiyo.

Binti nimempigia. Kumbe ndiye anayemhesabia mama yake hatua za kwenda chooni, na kwa kuwa choo chenyewe ni cha kuchuchumaa, kachukua kiti kakitoboa tundu kwa msumeno ili mama akalie. Nikacheka peke yangu. Mwenye mtu wa namna hiyo nyumbani keshavuka nusu ya njia, nami nilikuwa namwita mzembe.

Fundi wa tangi hajaja hadi saa hii. Maji ya kesho sijui tunayatoa wapi.