Waifai ya Linux Bila Kuzima Secure Boot

Jumamosi moja nilimaliza kuweka Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, kwenye kompyuta yetu, kando ya Windows. Hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, mashine ni hiyo hiyo moja: mimi naandikia kazi zangu, mke wangu anawekea hesabu za duka lake la vitenge. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipobofya alama ya mtandao pale juu. Waifai haikuwepo kabisa, kana kwamba mashine haikuundwa nayo.

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika lspci -nn ili nione vifaa vilivyomo ndani. Jibu likaja kwenye mstari mmoja: Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365. Kadi hii draiva huria (programu za kuendesha vifaa) zilizomo kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, haziiwezi. Inataka moduli, yaani kipande cha kuongezwa kwenye kerneli, ya Broadcom wenyewe, iitwayo wl, ambayo Ubuntu huitoa kwenye kifurushi cha bcmwl-kernel-source. Kushusha kifurushi bila mtandao hakukunisumbua: niliunga simu ya Android kwa waya wa USB, nikawasha kugawa intaneti, mashine ikaiona simu kama mtandao wa waya. Bando la siku lilitosha.

Katikati ya usakinishaji niliombwa nywila kwa ajili ya Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminika mashine inapowaka. Nikaandika ya harakaharaka, nikaendelea. Nilipowasha mashine upya nilikwenda jikoni kumimina chai. Niliporudi Ubuntu ilikuwa imeshawaka, waifai hakuna. Nikajaribu kuipakia moduli kwa mkono: sudo modprobe wl. Ikajibu: Key was rejected by service. Ufunguo umekataliwa.

Kijana fundi wa mtaani kwetu akaniambia, "Kaka, ingia BIOS uzime Secure Boot, dakika mbili tu." Ni kweli, draiva ingekubali. Lakini Windows yetu imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data za diski, na ukizima Secure Boot inaweza kugoma kufunguka mpaka uipe ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Sisi hatukujua wetu uko wapi. Mke wangu alikuwa anasikiliza. "Baba watoto, humo mna madeni ya wateja wangu wote."

Basi nikakaa nikaelewa kinachokataliwa. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli ya Ubuntu haipokei moduli isiyo na sahihi ya ufunguo inaoutambua. Moduli ya wl hujengwa hapo hapo kwenye mashine yako na DKMS, programu ya kujenga moduli za kerneli, na husainiwa kwa ufunguo uliotengenezwa kwenye mashine hiyo hiyo. Ufunguo huo hauaminiwi mpaka mwenye mashine auandikishe kwa mkono wake, akiwa mbele ya kioo. Utaratibu huu naupenda, maana aliye mbali hawezi kukubonyezea.

Nikaomba uandikishaji upya wa ufunguo huo, uitwao MOK (ufunguo wa mwenye mashine):

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Nywila niliweka tarakimu nane, nikaziandika kwenye karatasi. Nikawasha upya, na safari hii sikunyanyuka kitini. Ikaja skrini ya buluu, maandishi meupe, na sekunde kumi zinazohesabiwa kurudi nyuma. Hiyo ndiyo iliyonipita nikiwa jikoni: usipobonyeza kitufe chochote, mashine inaendelea na safari yake na ombi lako linapotea. Nilibonyeza ikiwa saba. Nikachagua Enroll MOK, Continue, Yes, nikaandika zile tarakimu, kisha Reboot.

Ubuntu ilipowaka, majina ya mitandao ya majirani yalikuwa yamejipanga, na wetu wa kwanza juu.

Tangu hapo kerneli imesasishwa mara kadhaa. DKMS hujenga wl upya na kuisaini kwa ufunguo ule ule, wala sijaiona tena skrini ya buluu. Usiku ule mke wangu alifungua Windows, ikamwomba nywila yake ya kila siku tu, akaingiza mauzo ya Jumamosi.