Mgao wa chakula mtaani, hapa Tanga

Ndugu zangu mnaotaka kusaidia majirani Ngamiani au Makorora, kazi haianzi dukani. Anzeni kwa balozi wa nyumba kumi. Yeye ndiye anayemjua bibi anayelea wajukuu na mgonjwa asiyetoka ndani. Orodha ikiandikwa bila yeye, wanaopata ni wenye sauti kubwa, na hilo linauma.

Mgao wetu kwa watu watano, wiki moja: sembe kilo 10, maharage kilo 3, mafuta lita 1, chumvi, sabuni ya mche, na taulo za kike penye wasichana. Ila maharage yanakula mkaa. Asiye na hela ya mkaa atayauza. Yalowekwe usiku kucha ndipo yaive upesi, na kwa mzee anayeishi peke yake wekeni choroko na dagaa.

Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ina lishe zaidi ya sembe, lakini mafuta ya kiini huifanya ichache haraka kwa joto la pwani. Nunueni ya kuliwa wiki hiyohiyo. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta: yakigusa sakafu, unga huvunda chini huku juu ukionekana mzima.

Pelekeni majumbani, jioni, bila kupiga picha. Kwenye foleni ya mchana wazee wengi hawaji, wanaona haya.