Mkalimani ni wajibu wa nani?

Kesi ya udhalilishaji inapofutwa kwa kukosa ushahidi, hapa kwetu Zanzibar lawama ya kwanza huangukia muhali: familia zimekaa, zimesuluhishana, mtoto ameambiwa anyamaze. Muhali upo, sikatai. Lakini mlalamikaji anapokuwa kiziwi, kesi huweza kufa mapema zaidi, palepale kwenye kaunta ya polisi.

Nilimsindikiza jirani yangu wa Wete na binti yake kiziwi kwenda kutoa maelezo katika kituo kimoja. Askari alikuwa mpole, ila maswali yote alimuuliza mama. Binti akawa anaonesha kifundo cha mkono wake, kisha mlango, kisha anazungusha vidole kama anayefunga kwa ufunguo. Mama akasema, "Anasema alimshika," na hilo ndilo lililoandikwa. Habari ya mlango haikuandikwa.

Kuita mkalimani wa lugha ya alama ni lazima, lakini pengine hakutoshi. Kiziwi ambaye hakupelekwa skuli aghalabu hujua ishara za nyumbani tu, na mkalimani aliyesomea lugha ya alama huenda asizifahamu. Hapo huhitajika kiziwi mwenye uzoefu akae kati yao, azipokee ishara hizo na kuzigeuza kuwa lugha ya alama, ndipo mkalimani azitamke. Jamaa wa familia hafai kupewa kazi hiyo, kwani huenda mtuhumiwa naye ni jamaa.

Wenye ujuzi huu tunao. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, upo tangu 1985. Viziwi wana CHAVIZA, wanawake wenye ulemavu wana JUWAUZA, na jumuiya hizi zina shirikisho lao, SHIJUWAZA. Kinachonikera ni mazoea ya kuzigeukia kila panapokwama jambo, kana kwamba mkalimani ni hisani ya jumuiya inayoishi kwa fedha za miradi, ambayo mradi wake ukimalizika hata nauli ya kutoka Chake Chake inakuwa tabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 13 kinaitaka dola, si jumuiya, ihakikishe kuwa mtu mwenye ulemavu anaweza kutoa ushahidi sawa na wengine, tangu hatua ya upelelezi.

Kwa hiyo Polisi na Mahakama ziwe na fungu lao la wakalimani katika bajeti, jumuiya zishirikishwe kuwapendekeza na kuwapima, na kila kituo cha Unguja na Pemba kibandike namba za simu za wakalimani hao pale kaunta.