Mradi wa spoila: kabla ya kuifunga, nyuzi kwanza

Spoila ya faiba (kile kipande cha kupanga hewa kinachokaa nyuma ya gari) imeshatoka kwenye moldi na nimeipiga msasa, ila sijaifunga kwenye buti bado, nataka kwanza kujua hewa inafanya nini huko nyuma. Kwa hiyo nikakata nyuzi za sufu fupi fupi nikazibandika kwa tepu kuanzia kwenye paa, kioo cha nyuma mpaka ukingo wa buti, mshikaji akatufuata na gari lake huku mwenzie anarekodi video.

Aisee video inavutia kweli! Kwenye paa nyuzi zimelala zimenyooka, zikifika katikati ya kioo zinaanza kutikisika, pale kioo kinapokutana na buti zinazunguka na zingine zimegeukia mbele kabisa, yaani hewa imeshabanduka kwenye bodi. Ukingoni mwa buti ndo zinatulia tena na hapo ndo spoila yangu itakaa, maana ukiiweka kwenye hewa iliyovurugika umebeba uzito tu.

Halafu spoila na bawa si kitu kimoja. Bawa hewa inapita juu na chini yake, ni kama la ndege lililopinduliwa, linakandamiza gari. Hii yangu imeshikana na bodi, kazi yake kuizuia hewa isiteremke kwa kasi mwisho wa buti, presha hapo juu inapanda na nyuma ya gari inapunguza kunyanyuka. Porsche walifanya hivyo na ule mkia wa bata wa 911 Carrera RS 2.7 mwaka 1972, na Audi TT za mwanzo hazikuwa nayo mpaka zilipopata ajali za spidi kubwa, ndo wakaongeza spoila ndogo pamoja na ESP (mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiteleze) na kurekebisha sasipensheni.

Nguvu yenyewe ya hewa inafuata mraba wa spidi, ukitoka 60 kwenda 120 km/h inakuwa mara 4, kwa hiyo kwenye kona za polepole tegemea tairi.

Kinachonishughulisha sasa ni mbele. Spoila iko nyuma ya ekseli ya nyuma, ikikandamiza huko inainua pua kidogo, usukani unakuwa mwepesi na gari linagoma kuingia kona kwenye spidi. Kwa hiyo naanza na lipu ya bampa la mbele (ule ukingo wa chini unaosaidia pua isinyanyuke), nikimaliza zote mbili nazifunga kwa skrubu, nabandika nyuzi upya halafu turekodi tena.