Siku moja maishani mwangu: kifundo cha punda, Tabora

Saa 12 asubuhi. Simu ilitoka kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui: punda wa kubeba maji alikatwa na chuma cha mkokoteni jana jioni, mbele ya kifundo cha mguu wa nyuma, yaani kile kiungo kikubwa cha katikati ya mguu chenye ncha nyuma. Nilimwomba mwenyewe asipake majivu wala mafuta, afunike kidonda kwa kitambaa safi, nikaondoka mara moja.

Saa 2. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, daktari. Anachechemea kidogo tu.” Punda huficha maumivu, kwa hiyo neno hilo halikunituliza. Baada ya kunyoa na kusafisha, nilichoma sindano safi upande wa nyuma kwa nje, mbali na kidonda, nikasukuma maji ya dripu, nayo yakatokea kidondani. Kifundo kina viungo kadhaa. Basi kiungo cha juu, ambacho ndicho hukunja karibu kifundo chote, kilikuwa kimetobolewa na kidonda, na bakteria wakishakita humo hula gegedu, utando laini wa ncha za mifupa, lisiloota tena.

Saa 3. Nilimlaza kwa dawa za usingizi, zailazini na ketamini, nikijua kwamba punda huimaliza ketamini upesi kuliko farasi, hivyo dozi ya nyongeza ilikuwa tayari. Katika hospitali kubwa za farasi daktari huingiza kamera kiungoni, akaona na kutoa vipande vya mfupa. Mimi nilipitisha lita 5 za maji ya dripu hadi yakatoka meupe, nikakata nyama iliyokufa, nikaweka gentamisini, dawa ya kuua bakteria, ndani, nikashona. Bandeji niliijaza pamba kuzunguka ncha ya kifundo, maana ikibana hapo huchubua ngozi vibaya sana. Kinga ya pepopunda sikuiacha. Sioni udhuru wa kuiacha kwa mnyama huyu.

Saa 8. Punda mwingine, mzee, viungo vya chini vya kifundo vimechakaa. Hivyo havitembei sana, ndiyo maana kwa farasi daktari huweza kuvitoboa kwa drili ili mifupa iungane na maumivu yaishe. Hapa nilirekebisha kwato, nikamwachia mwenyewe dawa ya maumivu, nikaomba mzigo upunguzwe.

Saa 12 jioni. Mzee alipiga simu: punda amekula na anakanyaga. Kesho narudi kubadilisha bandeji. Akianza kuunyanyua mguu kwa maumivu, nitavuta maji ya kiungo na kukiosha upya.