Hanania Alisema Miaka Miwili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kwenye jumuiya dada mmoja aliuliza swali likatunyamazisha wote. Mwaka jana mtumishi fulani alimtamkia kwamba kabla ya Desemba mumewe atakuwa amerudi kazini. Desemba ikapita, Pasaka nayo ikapita. "Sasa mimi imani yangu ilipungukia wapi?" Mzee wetu alianza kufungua Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wale wampendao, akasita, akaifunga Biblia. Nilimshukuru Mungu kwa kule kusita kwake. Andiko ni la kweli, lakini kuna namna ya kumsomea mtu mwenye machozi andiko la kweli ukawa umemwambia anyamaze.

Swali lake limenikaa kwa sababu na mimi ninaishi mahali ambapo sikupanga kuishi. Wengi wenu mnajua. Mkataba wa mume wangu haukuongezwa, kodi ya miezi sita pale Sinza ikatushinda, tukahamia kwenye pagale letu Chanika. Madirisha mawili yana nondo na wavu, mengine tumeziba kwa mabati. Maji ni ya boza, au uamke mapema ukapange ndoo kisimani kwa jirani. Mtoto anayesoma Buguruni anaamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala, na jioni anarudi amelala begani kwa konda.

Tulipofika, mume wangu hakutaka maboksi yafunguliwe. (Amenipa ruhusa nilisimulie hili, hata amecheka.) Vyombo vya kabati, mapazia, picha ya harusi, vyote viliachwa na gundi zake. "Tunarudi mjini karibuni," alisema, "tusijichoshe." Kila niliyemgusia jambo hili alinipa Yeremia 29:11. Nimetumiwa na mama mkwe, na kwaya, na wenzangu wa zamani wa Sinza, mara nyingine limeandikwa juu ya picha ya maua. Mawazo ya amani wala si ya mabaya. Amina.

Lakini ni nani kati yetu anayetuma na mstari wa kumi? Hapo Mungu anawaambia mateka wa Yuda walioko Babeli kwamba atawajilia Babeli itakapotimiziwa miaka sabini. Sabini! Watu walichukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo, na baba mwenye miaka arobaini aliyeisikia barua ile ya Yeremia kwa mateka ikisomwa alijua kabisa kwamba yeye harudi. Ndiyo maana barua inaanza kwa maagizo ya maisha: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, waozeni watoto wenu, na mji ule mliopelekwa mkauombee amani. Tumaini la mstari wa 11 waliandikiwa watu ambao tayari wameambiwa washushe mizigo.

Sasa rudini sura moja nyuma mkutane na nabii Hanania, maana huyu bado anahubiri Dar es Salaam. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akasema: miaka miwili, vyombo vya hekalu vinarudi, Yekonia anarudi, mateka wote wanarudi. Bila shaka watu walipiga vigelegele. Yeremia mwenyewe alisema Amina. Nampenda Yeremia hapo: naye alitamani iwe hivyo, hakufurahia kuwa mleta habari ngumu. Ndipo Hanania akaivua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja hadharani, na Yeremia akajiendea zake. Neno la Bwana lilimjia Yeremia baadaye, amwambie Hanania: umevunja nira za mti, mahali pake kutakuwa na nira za chuma. Mwaka ule ule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Ndugu zangu mnaowatamkia watu tarehe, niwaambieni kwa upendo lakini waziwazi. Ukimwambia mama ndani ya siku ishirini na moja atapata ufunguo wa nyumba, kisha siku zikapita, wewe uko kwenye mkutano mwingine Mbagala au Kimara. Yeye amebaki na nira ya chuma. Amekosa nyumba, na juu yake amebebeshwa mashaka kwamba Mungu anamdai imani zaidi. Halafu anaambiwa atoe sadaka ya kufungulia. Hapana. Kama hukutumwa, kaa kimya, mpelekee unga.

Na dada yangu uliyeuliza, imani yako haikupungukia popote. Ulimwamini Mungu, ukaongezewa tarehe ambayo hakuitoa yeye. Itupe tarehe, mshike Mungu. Omba kazi ya mumeo kila siku, omba hata kwa kufunga, wala usione haya kulia. Lakini ukimaliza kuomba, pika, suka nywele za binti yako, nenda ukawasalimie majirani wapya. Huko ndiko kumtumaini Bwana kulikoagizwa kwenye barua, na najua ni kugumu kuliko kungoja ukiwa umekaa juu ya sanduku.

Kwetu kulianza na matembele. Jirani, mama wa Kiislamu mwenye kisima, alinikatia marando akanionyesha pa kuyachimbia, upande yanakomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Yaliposhika, mume wangu akaweka uzio wa matete kuzuia kuku. Jumamosi iliyofuata akaomba mkasi akafungua boksi la kwanza. Kazi bado hajapata. Anapiga plasta nyumba za watu pale mtaani, siku ikiwepo.

Yusufu na Ruthu mnawajua, siwarudii. Mtu ninayewaachia ni Danieli, sura ya tisa: amezeekea Babeli, amewatumikia wafalme wa kigeni, na bado anasoma maneno ya Yeremia na kuhesabu ile miaka sabini kwa kufunga na magunia na majivu.

Maombi ya wiki hii: huyo dada na mumewe, ambaye ni fundi umeme mwenye cheti. Ukisikia kazi popote, hata ya muda, mwambie mwenyekiti wa jumuiya. Tuiombee pia mitaa tunayokaa, kwa majina ya majirani, wa imani yetu na wasio wa imani yetu. Alhamisi tunasali kwangu, saa kumi na mbili asubuhi. Mnaotoka mbali shukeni Chanika mwisho mnipigie, nitamtuma kijana. Njooni na masweta, mabati hayazuii upepo.