Ufunguo wa geti anao jirani wa chini

Gunzi la hindi limenifundisha kazi hii kuliko semina zote nilizohudhuria. Unalitupa mtoni, unalifuata ukingoni kwa umbali uliokwisha kuupima, unaangalia kwenye simu limetumia sekunde ngapi. Ukijua na kina na upana, unapata lita kwa sekunde, kisha unapunguza kidogo kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Alinionyesha afisa mmoja wa maji wa bonde, nikiwa ndiyo kwanza nimechaguliwa katibu wa jumuiya ya watumia maji ya mto wetu, mmoja wa ile inayoshuka milimani na kuingia tambarare ya Usangu, wilayani Mbarali. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko tu.

Wa kwetu tunajua tunavyosemwa. Tangu 1993 Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya mito yetu, umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Chini zaidi yako mabwawa ya kufua umeme ya Mtera na Kidatu, megawati 80 na 204. Mgao wa umeme ulipoibana nchi mwaka 2006, vidole vyote vilielekezwa Usangu, na wa kwanza kulaumiwa walikuwa wafugaji. Wakaondolewa na mifugo yao. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu ikaingizwa hifadhini. Ng'ombe wakaenda zao na mto ukaendelea kukatika, na mimi nikabaki na swali langu.

Nikaanza kwa kuomba nakala za vibali vyote vya maji vya mto wetu. Ukisoma kimoja kimoja, hakuna chenye ubaya: huyu kapewa kidogo cha mpunga, yule kidogo cha bustani, kijiji kile kidogo cha kunywa. Nikavipanga kwenye kaunta buku, nikajumlisha. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea sifuri. Vibali peke yake vilizidi maji ambayo gunzi lilinionyesha mwezi wa kumi, na hapo sijagusa mifereji isiyo na kibali.

Basi nikamwomba mzee mmoja wa Kisangu, aliyewahi kuwa mgawa maji, tupande naye mto kwa miguu. Ilituchukua siku mbili. Kwenye banio la kwanza la zege, yaani kizuizi cha kugeuzia maji ya mto yaingie mferejini, alisimama akaligonga kwa fimbo, akasema, "Mwanangu, banio letu la zamani lilikuwa na huruma."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Zamani banio lilikuwa la fito, mawe na majani, baadaye na magunia ya mchanga. Linavuja. Hata ujenge vipi, maji mengine yanapenya kwenda kwa mwenzako, na masika mafuriko yanalibeba lote mnaanza upya. Kisha ikaja miradi, kwa nia njema kabisa, ikaleta zege na mageti ya chuma. Zege halivuji. Aliye juu akaweza kuuchukua mto mzima wa kiangazi kwa kuzungusha mkono wa geti, na wala hajioni mwizi, kwa maana geti alijengewa na karatasi anayo.

Kwenye banio la nne nililitupa gunzi, likazunguka kidogo, likagota kwenye zege, likaingia mferejini na maji yote. Upande wa pili wa ukuta ni mchanga mkavu na nyayo. Tukayafuata yale maji. Yalikuwa yanatembea kwenye majaruba yaliyovunwa tangu mwezi wa sita, yanalowesha mabua, mbu wanashukuru. Mbona hamfungi? Mama mmoja akatujibu akiwa na ndoo kichwani: "Tukifunga, baba, tutachota wapi?" Mto mzima umegeuzwa kwa ajili ya ndoo.

Kwa hiyo hatukuanza na faini, ingawa sheria ndogo zinaruhusu na wengi walizitaka. Tulianza na visima vya pampu ya mkono kwa zile nyumba za kando ya mfereji. Vilichukua misimu miwili, na sitasimulia barua nilizoandika. Visima vilipotoa maji ndipo tukazungumza kufunga. Kila banio tukasimika mti wenye alama ya rangi nyekundu: maji yakishuka chini ya alama, geti linafungwa na zamu zinaanza. Nilitaka alama ambayo hata asiyejua kusoma ataisimamia.

Lililotaka kuvunja mkutano ni ufunguo. Nilipendekeza kufuli ya kila geti, kiangazi, ufunguo wake ukae kwa watu wa banio linalofuata chini. "Yaani nikamwombe shemeji ufunguo wa geti langu?" mmoja alifoka, watu wakacheka, na nadhani kile kicheko ndicho kilichopitisha hoja. Watu wa banio la mwisho, wasio na wa kumshikia, walikabidhiwa daftari la zamu.

Baadaye alikuja mwekezaji wa shamba, na wataalamu wake wakafanya tathmini ya athari kwa mazingira kama Sheria ya mwaka 2004 inavyotaka. Walisema mradi utachukua asilimia ndogo ya maji. Nikasimama na kaunta buku yangu: ndogo ya maji yapi, ya masika au ya mwezi wa kumi? Na mmeyajumlisha na ya nani? Dada mmoja wa timu yao hakubisha. Alizipiga picha kurasa zote. Ripoti iliporudi ilikuwa na sura ya athari limbikizi, yaani za watumiaji wote wakijumlishwa, na shamba likapangiwa kuvuna maji ya masika tu kwenye bwawa lake.

Mwaka huo mwezi wa kumi gunzi lilivuka mabanio yote. Kule mwisho maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, yanasukuma polepole.

Sijawaweza watu wa vinyungu, zile bustani za mabondeni, huko juu milimani, ambao si wanachama wetu. Na sasa kuna pampu za petroli. Hazina geti wala kufuli, mtu anaibeba kwenye bodaboda na kurudi nayo nyumbani jioni. Nimeshaanza kuzihesabu.